Kinini ya Pili ya Bwana Yangu

Rafiki yangu, hii maneno nakupatia we juu najua roho yako. Kama unataka kunicheka, unicheke, lakini tucheke tukiwa wawili, hapana mbele ya batu. Mi niko mwanamuke ya maombi. Kwetu ku kanisa, kama kuko mugonjwa ya kuombea, banapiga téléphone kwangu kwanza. Lakini kuko wakati moja nilikuwa napiga magoti, nafunga macho, na maombi yangu yote ilikuwa moja: Mungu ashike ule mwanamuke ya Koekelberg, amutoshe mu maisha ya bwana yangu.

Bwana yangu alikuwaka muntu ya kunyamaza. Siku tulifika Bruxelles, mwanzo ya miaka ya elfu mbili, tulishuka Gare du Midi na mavalise tatu na mutoto mu mugongo, na ile siku yote alisema maneno mbili: “Bon. Baridi.” Akapata kazi mu dépôt moja huku Anderlecht, kubeba makartoni. Anarudia, anakula bukari, anaangalia habari, anaenda kulala. Hata ku ndoa yetu hakucheza; alisimama kando ya muziki sawa muntu anachunga mulango. Sikulalamika. Banamuke bengine ya kanisa balikuwa na babwana ya kusema sana, na ile kusema ilikuwa inafika mbali, mpaka ku manyumba ya bengine. Wangu hapana. Nilikuwa naringa chini chini: ananyamaza, lakini ni wangu.

Kisha mukono yake ya kuume ikaanza kutetemeka. Kwanza kidole kikubwa, pa meza, wakati ya kula. Kisha makartoni ikaanza kumuanguka ku kazi. Docteur ya bongo, mwanamuke moja ya mvi na miwani ya kamba, alituelezea na Kifaransa. Mi nakupatia na Kiswahili yetu. Mu bongo, alisema, kuko kafasi kadogo kanatengeneza kintu banaita dopamine. Ile dopamine njo inabeba habari: simama, tembea, shika kikombe. Kwa bwana yangu, kale kafasi kalikuwa kanakufa pole pole. Akamupatia kinini ya kwanza, kidonge ile inafika mu bongo na kugeuka dopamine. Mwaka ulifuata, haikutosha tena, akaongeza ya pili. Ile ya pili haiko dopamine. Inaiga dopamine: inagonga ku milango yake, na milango inafunguka.

Miezi ya kwanza ya kinini ya pili, ilikuwa furaha tupu. Mukono ilitulia. Bwana yangu akaanza kuimba akinyoa ndevu. Samedi moja nilikuwa mu cuisine napika sombe, akaingia, akanitosha kijiko mu mukono.

“Maman, acha. Kuya.”

“Nikuye wapi?”

“Hapa.”

Akanichezesha pale pale, katikati ya frigo na meza, bila muziki. Mutoto wetu mwanamuke, alikuwa na miaka kumi na tano, alisimama ku mulango na sac yake ya masomo.

“Papa? Nani alikubadilisha?”

“Mama yako,” alijibu.

Miaka kumi na munane ya ndoa, rafiki yangu. Nilikuwa na miaka arobaini na mbili, na nikaanza kujipaka mafuta ya harufu sawa mutoto ya lycée. Hata mu chumba yetu… niko mama ya kanisa, tuachie pale.

Sasa, ku kanisa yetu kulikuwa mujane moja, fundi ya kushona, anaishi Koekelberg, mutaa ingine ya Bruxelles, nyuma ya Basilique. Yeye njo alikuwa anashona manguo ya chorale. Dimanche moja alisema mashini yake inakula uzi. Bwana yangu, ule asiyesemaka na muntu, akasema: “Nitakuya kuangalia.” Na mi mwenyewe nilimupatia sombe mu bakuli amupelekee! Mi mwenyewe.

Alienda lundi. Akaenda mardi. Mercredi tena. Kisha semaine mbili, siku kumi na ine nzima, alikuwa anakula akiwa amesimama, anavaa koti, anatoka. Anarudia na harufu ya mafuta ya mashini, macho inang’aa.

“Ile mashini haiponi?”

“Iko na kintu.”

“Kintu gani?”

“Kintu. Hautaelewa.”

Miaka yote ile hakunielezea kintu na haikuniuma. Lakini ile “hautaelewa” iliniingia sawa mwiba ya samaki. Nikaanza kunusa mashati yake. Ku kanisa, nilikuwa sisikii mahubiri. Nilikuwa naangalia ule mujane: vile anafunga kitambaa, vile anacheka na ule mwanya yake ya meno. Kama angekuwa kijana, bon, ningeelewa. Lakini alikuwa ananipita na miaka kumi! Pale njo nilichomeka zaidi. Ule mwanamuke iko na nini, ile mi sina? Chorale ikiimba, namuona anavuta pumzi, na mi nasema mu roho: ile pumzi anaivuta ku nyumba yangu.

Jeudi moja sikuenda kazi. Nikachukua métro, nikabadilisha Beekkant, nikatoka Simonis, nikapanda mpaka kwake. Nilikuwa nilitayarisha maneno yangu yote njiani. Akafungua mulango na masindano mu kinywa, nguo ya chorale ku mukono. Akatosha masindano moja moja.

“Maman, karibu. Ulikuya kumuchukua?”

“Nilikuya kukusalimia.”

“Unisalimie basi, kisha umuchukue.”

Mu salon, bwana yangu alikuwa chini, juu ya shuka ya zamani. Mbele yake mashini tatu zilikuwa zimefunguliwa mpaka tumbo, na vis zake, skrubu za kukaza, zote zimepangwa kwa mistari, kubwa mpaka ndogo, sawa batoto ya masomo mbele ya bendera. Alikuwa anapangusa vis moja na kitambaa.

“Papa.”

“Mm.”

“Papa, ni mi.”

“Ngoja. Ngoja, niko karibu.”

Hakuinua kichwa. Ule mujane akacheka na pua.

“Tangu semaine tatu iko karibu! Anafungua, anapangusa, anafunga. Inashona muzuri, namuambia merci papa. Kesho anarudia, anafungua tena. Akaenda kuomba mashini mbili ingine kwa bajirani yangu. Angalia vidole yangu, maman: nashona manguo ya chorale na mukono.”

“Na juu ya nini haumufukuzi?”

“Mi? Nifukuze bwana ya maman ya maombi? Kesho kanisa yote itasema nini?” Akaniangalia muzuri. “Ah bon. Unazani namutaka. Maman, mi nilizika bwana moja, inatosha. Huyu hasemi, hakuli, haangalii muntu. Hata nipite hapa uchi, ataniomba tournevis ya kufungua vis.”

Mwanamuke mwenye akili angecheka. Mi, mu ile maneno yote, nilisikia tu moja: “nipite hapa uchi.” Nikashuka ngazi bila kuaga.

Sasa nikuambie vile nilikosea, juu ni hapa njo kuko kosa yangu. Ile miaka nilikuwa nasoma cours du soir, masomo ya mangaribi, ya kuwa aide-soignante, ule anasaidia bagonjwa. Mara mbili kwa semaine, kisha kupangusa mabureau, nakaa na cahier yangu kati ya batoto ya miaka ishirini. Na mu ile semaine, mwalimu alitufundisha mishipa na bongo. Alisema dopamine haiko tu ya kutembea. Iko pia ya kutaka: njo inamuamusha muntu, inamukimbiza nyuma ya kintu. Nikaandika na bic ya rouge: KUTAKA. Nikafunga cahier. Nikasema: Mungu, asante, nimeelewa. Kutaka yake iko ndani ya kinini. Nikitosha kinini, kutaka Koekelberg kunakufa.

Kumbe nilielewa nusu. Na nusu ile ilikuwa inatosha kuua muntu.

Maman mukubwa ya groupe ya maombi alikuwa aliniambia tufunge siku tatu kwa ajili ya nyumba yangu. Hakusema kintu juu ya dawa, nisimuwekee kosa. Mi njo niliongeza. Nikamuambia bwana yangu: funga kavu, hakuna kintu inaingia mu kinywa.

“Na makinini?”

“Kinini inapitaka wapi? Haiko mu kinywa?”

Akakubali. Maombi yangu alikuwa anaiheshimu siku zote. Nikachukua boîte yake, ile ya majina ya siku, kinini ya kwanza na ya pili pamoja, nikaificha ndani ya mufuko ya bunga, unga ya bukari.

Siku ya kwanza alikuwa anatembea sawa muntu mu mayi. Siku ya pili, midi, alikuwa ku kiti karibu ya dirisha, mikono juu ya magoti, uso imefungwa.

“Papa, leo hauendi Koekelberg?”

Macho tu iliniangalia. Hakuweza kusimama. Na mi, mutoto ya Mungu, unajua nilisikia nini? Nilifurahi. Nakuambia kweli yote, juu bila ile hii habari haina maana. Nilivuta kiti yangu mbele yake, nikamuchana nywele, nikamuambia mambo ya miaka kumi: nani aligombana na nani ku chorale, shangazi yake alisema nini juu yangu wakati ya ndoa. Hakutoka. Hakuniambia “hautaelewa.” Saa moja nzima alikuwa wangu, peke yangu, na nilikuwa na furaha.

Kisha nikagusa paji ya uso yake, nikakuta moto. Nikaogopa, nikavunja funga, nikamupa mayi na kijiko. Mayi ikatoka kando ya kinywa. Hakuweza kumeza. Pale mutoto wetu akaingia, akitoka masomo.

“Mama, dawa ya papa iko wapi?”

Nikaonesha bunga na kidole. Mutoto akaingiza mukono mpaka kiwiko, akatosha boîte nyeupe pe, akaniangalia, akaita ambulance. Ile kuangalia yake, niko nayo mpaka leo.

Ku hôpital, docteur ya miwani ya kamba alikuya yeye mwenyewe. Balimupitishia dawa ku mupira ya pua. Kisha akanipeleka mu couloir.

“Nani alitosha dawa?”

“Mi.”

“Yote? Kwa mara moja?”

“Yote.”

“Madame, hii dawa haitoshwi vile. Mwili inakauka, homa inapanda, muntu anakufa. Unajua?”

“Sasa najua.”

“Na juu ya nini?”

Nikamuambia yote: mujane, mashini, vis, harufu ya mafuta. Nilikuwa nangoja anihukumu. Lakini alipofika ku vis, akashusha miwani.

“Vis? Siku nzima? Na ukimuita haitiki?”

Akaniuliza kama anacheza jeux ya feza, kama ananunua mabintu bila maana, kama anakula bila mwisho, kama kuko banamuke. Kwa ile ya mwisho nilianza kunyoosha nguo yangu. Akaelewa, akakaa ku banc kando yangu.

“Ningepashwa kukuuliza mbele,” alisema. “Yeye nilimuulizaka. Anasema ça va, juu kwake inaenda vizuri. Ule anayekula ile furaha haoni ubaya. Ni bibi yake njo anaona, na bibi sikumuuliza.”

Akanielezea nusu ile sikuandika mu cahier. Kinini ya pili haijui kuchagua. Inafungua milango ya kutembea, lakini inafungua pia milango ya kutaka, na kwa batu bamoja ile ya pili inabakia wazi. Ule muntu anashika kintu moja na hawezi kuiachia: bamoja jeux, bamoja banamuke, bamoja vis za mashini.

“Na ule papa mugonjwa mwenzake, ya kitanda ya dirisha?” niliuliza. “Anakunywa kinini ile ile, nimeona boîte. Yeye hafungui mashini ya batu.”

“Kila muntu anarizi milango yake kwa mama na baba. Kwa bamoja inafunguka mbio. Kwa bamoja dopamine inafagiwa haraka, kwa bengine inakawia. Kinini ni moja, lakini bongo hazifanani. Tunatafuta zile gènes. Lakini hatuwezi bado kuchukua damu ya muntu na kusema: huyu itamugeuza, huyu hapana.”

Nikamuuliza kama mutoto wetu naye atarizi ile milango. Akasema gène moja haiko hukumu.

Kisha akatuomba kama bwana yangu atakubali, mbele ya kupunguza kinini, kulala mu mashini kubwa ya picha ya bongo, kwa recherche, utafiti yao. Bwana yangu akasema oui. Balimuonesha karata ndani: akishinda, anaona étoile, kanyota kadogo. Mi nilikuwa nyuma ya kioo, naona bongo ya bwana yangu ku écran, ya gris, na kila étoile ikikuya, kafasi kamoja mu katikati kanawaka rangi ya orange. Mbona nilichukia ile étoile! Nikasema na docteur:

“Mutie picha yangu tuone.”

“Pardon?”

“Picha yangu. Kisha ya ule mujane. Tuone gani inawaka zaidi.”

Alicheka mpaka akapangusa macho. “Madame, hii mashini inaonesha fasi damu inakimbilia. Haioneshi nani anapendwa.”

Mi sikucheka. Kama angekubali, ningelipa ticket ya métro ya mujane mwenyewe.

Balipunguza kinini ya pili pole pole, semaine kwa semaine. Ya kwanza ikapanda kidogo. Kwenda Koekelberg kukaisha bila mi kusema kintu. Mashini zote tatu zikafungwa. Nilienda kwa ule mujane kuomba samahani, akanipatia chai na akanionesha vidole. Maombi yangu ilijibiwa, haiko vile?

Lakini pamoja na Koekelberg, kuimba pia kukaisha. Kwanza aliimba nusu ya wimbo, kisha nusu ya nusu. Mu cuisine hakuna muntu aliyenitosha tena kijiko mu mukono. Anarudia, anakula, anaangalia habari. Na wivu yangu, ile nilizani imekufa, ikasimama tena, ikatafuta muntu ya kuchukia, ikakuta kinini. Ule mujane hakuninyanganya kintu. Kinini njo ilikuwa na bwana yangu! Yeye njo alimuimbisha. Yeye njo alinishika kiuno kando ya frigo, na mi nilizani ni bwana. Ku pharmacie nilikuwa naangalia ile boîte sawa vile unaangalia mwanamuke anayevaa nguo yako.

Sasa nikuambie kintu hata mutoto wangu hakijui. Mbele ya rendez-vous ilifuata kwa docteur, nilitayarisha uongo. Nilitaka kuambia docteur kama anatetemeka sana, kama hawezi kushika kijiko, ili aongeze tena kinini ya pili. Najua ingemurudisha ku vis, ao ku kintu mubaya kupita vis. Nilitaka vile vile. Nilitaka ule bwana ya kucheza, hata kama nitamugawa na Koekelberg nzima.

Asubui ya rendez-vous nilikuwa namufunga vifungo ya shati, juu vidole vyake vilikuwa vinakawia.

“Papa, nakuuliza kintu, usikasirike. Wakati ulinichezesha. Ilikuwa we, ao ilikuwa kinini?”

Nikafunga kifungo, na kingine.

“Kinini ilikuwa inanisukuma,” akasema. “Ku wimbo, ku vis, ku yote.”

“Na kwangu?”

“Na kwako.”

“Donc mi na vis, ni sawa.”

“Hapana. Vis nilikuwa siwezi kuziachia. Kule kwa ule maman nilikuwa nataka kulala chini mpaka asubui. Kila siku ilinisukuma nibakie.” Akapumua. “Kurudia kwako, haikunisukuma. Nilikuwa narudia mi mwenyewe. Ilikuwa nguvu, kazi ngumu, maman. Kila siku ilikuwa nguvu.”

Ile ilikuwa maneno mingi kupita yote aliniambia mu ndoa yetu, na hapo kinini ya pili ilikuwa karibu kuisha mu mwili yake.

“Alors, Madame?” docteur aliniuliza. “Leo nakuuliza we kwanza.”

Uongo yangu ilikuwa tayari ku ulimi. Nikamuangalia bwana yangu, anaangalia viatu vyake.

“Mukono inatetemeka kidogo,” nilisema. “Anashika kijiko. Kuimba, hakuna. Mashini, hakuna. Muache vile iko.”

Docteur akaandika. Kisha akamugonga bwana yangu ku bega, na bwana yangu akamuchekea, kacheko kadogo. Na mi nikasikia ile moto tena: mbona kwake anacheka mbio hivi? Wivu yangu haikupona, rafiki yangu. Naiombea, na naichunga sawa mbwa ya mujirani.

Sasa nakuomba. Hii habari usiikalie. Kuko banamuke mu hii muji, na kule kwetu pia, babwana yao banatetemeka na banapewa makinini, na bamoja banaona bwana anageuka na banatafuta mwanamuke wa kulaumu. Uende ubaambie. Basifiche dawa, hata kwa maombi, hata siku moja. Baende kwa docteur na baseme yote, hata ile ya haya, hata kama hakubauliza. Na kama bataona haya ya kusema yao, baanze na yangu: baseme kuko mama moja ya Anderlecht aliona wivu juu ya kinini.